Ahadi Aliyoivunja Ragna

Kila Alhamisi jioni, baada ya kula samaki na viazi na kuosha vyombo, Ragna Tveit alivaa koti lake la mvua, akachukua baiskeli na kuteremka kilima hadi nyumba ya maombi iliyokuwa karibu na bandari ya Flekkefjord, kusini mwa Norwe. Njiani alipitia kwa akina Skeie kumchukua rafiki yake Tiril. Tiril hakuwa mtu wa kuwa tayari mapema. Kama hakuwa akitafuta kiatu cha pili, basi alikuwa jikoni anabishana kwa mikono na mdogo wake, Eskil, juu ya nani amemaliza jibini la kahawia.

Eskil alizaliwa kiziwi. Kwa hiyo nyumba nzima ya akina Skeie ilizungumza kwa ishara, hata walipogombana. Ragna, ambaye nusu ya utoto wake aliimalizia katika jiko lile, alizijua ishara hizo pia, ingawa hakuwa na wepesi wa Tiril. Tiril alipozungumza kwa mikono, hata mtu asiyeelewa kitu aliacha alichokuwa akifanya, akatazama.

Ishara hizo ndizo zilizowatia wasichana hawa wawili katika habari ya safari. Shule zikifungwa mwezi wa Juni, kikundi kidogo cha waumini wa pale mjini kilikuwa kiende Madagaska kwa wiki tatu. Huko kulikuwa na shule ya watoto viziwi. Wageni wangepaka rangi mabweni, wangetengeneza madawati, na kila asubuhi wangewafundisha watoto hadithi za Biblia na kucheza nao. Ishara za kule zinakaribiana na za Norwe, maana shule ya kwanza ya viziwi huko ilianzishwa na wamisionari wa Norwe. Ndiyo maana Tiril, mwenye miaka kumi na mitatu, alichaguliwa kabla ya watu wazima wengi.

"Bila huyu, sisi wote tutakuwa mabubu," Solfrid, kiongozi wa safari, alikuwa akisema mbele za watu.

Ragna hakupata nafasi. Aliwekwa kuwa mtu wa akiba. Kama mmoja angekwama, yeye angeingia badala yake. Alikuja mazoezini kila Alhamisi kama wengine, akajifunza nyimbo kama wengine, akachomwa chanjo kama wengine. Alitamani safari ile usiku na mchana. Lakini aliona aibu kuiombea kwa Mungu, maana kuiombea kulikuwa sawa na kuomba mwenzake akwame.

Siku moja ya mwezi wa Aprili, wakati wa mapumziko shuleni, Ragna alizunguka nyuma ya banda la baiskeli akamkuta Tiril ameinama, mikono juu ya magoti. Kifua chake kililia kama mlango usiotiwa mafuta.

"Tiril! Una nini?"

Tiril alichomoa kichupa cha dawa ya kuvuta kutoka ndani ya soksi, akakitikisa, akakiweka mdomoni na kuvuta. Akangoja. Akavuta tena. Polepole mabega yake yakashuka.

"Hiyo si ile pumu ya zamani?" Ragna aliuliza. "Si ulipona tukiwa darasa la pili?"

"Nilipona. Imerudi tangu nilipougua mafua wakati wa baridi. Inakuja, inakwenda. Usinitazame hivyo kama vile nimekufa."

"Mama yako anajua?"

"Mama? Nikimwambia mama, Solfrid atapata habari kabla kahawa haijapoa. Na Solfrid akijua, basi, kwaheri Madagaska." Tiril alimshika mkono. "Niahidi hutamwambia mtu."

Ragna alikitazama kile kichupa. Kibandiko chake kilikuwa kimechakaa, maandishi yamefifia. "Hii dawa ni ya lini?"

"Ilikuwa kabatini. Ragna, niahidi."

Kengele ikalia. Ragna akaahidi.

Alhamisi iliyofuata, Solfrid alisimama mbele ya kikundi huku wengine wakitafuna maandazi ya mdalasini. Solfrid alikuwa muuguzi mstaafu. Alikuwa amefanya kazi Madagaska tangu ujana wake hadi nywele zilipoanza kuwa nyeupe, na vijana walimwita Shangazi, kama ilivyo desturi ya watu wa misheni. Alikuwa mwema, ila sauti yake ilizoea kuamrisha wodi nzima.

"Nisikilizeni," alisema. "Kutoka shuleni hadi hospitali yenye maana ni nusu siku, tena barabara ikiwa haijaharibika. Watu wanapika kwa kuni. Vumbi ni jekundu, linaingia mpaka kwenye meno. Sitaki kugundua huko kwamba nimesafiri na mgonjwa aliyejificha. Mwenye lolote, iwe ni ugonjwa wa moyo, kifua, sukari, au chakula kinachomdhuru, aseme sasa."

Upepo wa baharini ulitikisa madirisha.

"Mimi nina ugonjwa wa njaa, Shangazi," alisema Jostein, kijana wa miaka kumi na sita aliyekuwa bingwa wa mbio wa shule ya upili. "Unanishika kila baada ya saa moja."

Watu wakacheka. Tiril alicheka kuliko wote. Ragna aliinamia andazi lake, akalichambua vipande vipande bila kula hata kimoja.

Wakati wa kurudi nyumbani walisukuma baiskeli bega kwa bega, maana Tiril alisema hataki kupanda kilima kwa kukanyaga.

"Ungesema tu," Ragna alinong'ona. "Amekuuliza usoni."

"Aliuliza ili apate mtu wa kumwacha."

"Hujui hilo. Na je, ukibanwa kule? Tiril, naogopa. Nitamwambia mama yangu tu, yeye..."

Tiril alisimama ghafla katikati ya barabara. Mashavu yalikuwa yamewaka. "Ni kweli. Mwambie. Kisha mimi nitolewe, na nani aingie? Mtu wa akiba! Sijui ni nani huyo, unamfahamu?"

Maneno hayo yalimchoma Ragna kuliko kofi. Angemjibu nini, wakati kila usiku kabla ya kulala alijiona amekaa dirishani ndani ya ndege? Kama angesema, nani angeamini kwamba amesema kwa sababu ya upendo? Yeye mwenyewe hakuwa na hakika.

Tangu jioni ile alikaa na siri ile kama mtu aliyemeza mfupa. Mara mbili alimfuata Solfrid baada ya mazoezi akiwa amejikaza kusema. Mara ya kwanza alisema, "Shangazi, maandazi ya leo yalikuwa matamu." Mara ya pili alimuuliza kama Madagaska kuna mbwa. Solfrid alimjibu kwamba mbwa wapo tele, kisha akaitwa na mtu mwingine.

Na pumzi za Tiril zilizidi kuwa fupi. Alijua kuficha. Kikundi kilipoimba, alifungua mdomo bila kutoa sauti. Walipocheza, alijifanya kufunga kamba za viatu. Miti ya mibetula ilipochanua mwezi wa Mei na chavua yake ya njano kutanda juu ya magari na madirisha, Ragna alimwona akivuta ile dawa mara nyingi kwa siku. Baada ya kila mvuto, Tiril alikitikisa kichupa karibu na sikio, kama mtu anayesikiliza kama bado kuna kitu ndani.

Jumamosi moja ya mwisho wa Mei kikundi kizima kilikwenda mlimani. Solfrid alitaka kila mtu azoee kutembea mwendo mrefu na mzigo mgongoni, kwa sababu huko waendako wangekwenda kwa miguu kuzitembelea familia za wanafunzi. Torleiv, seremala mwenye ndevu na tumbo la kutosha, aliwapeleka kwa basi lake dogo hadi mwisho wa barabara. Kutoka hapo njia ilipanda kupitia msitu, ikatokeza kwenye uwanda wa juu wenye miamba na madimbwi, hadi kibanda cha wapanda milima.

Walipoanza, jua lilikuwa likiwaka. Walipofika nusu ya njia, ukungu ulishuka kutoka vileleni, ukawafunika, na mvua nyembamba ya baridi ikaanza kunyesha. Ragna alitembea nyuma ya Tiril. Aliona jinsi alivyosimama kila baada ya hatua chache, akijifanya kutazama mandhari ambayo haikuonekana.

"Nipe begi lako," Ragna alisema.

"Niache."

"Bibi harusi anachelewa!" Jostein alipiga kelele kutoka mbele, ndani ya ukungu. "Huko Madagaska tutawakodia punda!"

Tiril alikaza meno, akapanda.

Kibandani Torleiv aliwasha moto. Kuni zilikuwa na unyevu. Moshi mzito ulirudi ndani badala ya kupanda, ukajaa chumba chote, watu wakakohoa na kucheka na kufuta macho. Walifungua madirisha, wakatoa soseji, machungwa na chokoleti. Katika ghasia hiyo hakuna aliyeona kwamba mtu mmoja ametoka nje. Ila Ragna.

Alimkuta nyuma ya kibanda, amekaa kwenye jiwe, amejishikiza ukutani. Kila pumzi aliyoivuta ilikuwa na mluzi, na mabega yake yalipanda juu kila alipojaribu. Kile kichupa kilikuwa mkononi. Alikibonyeza mdomoni. Hakikutoa sauti ya dawa, kilitoa *tik* tu. Akakitikisa, akabonyeza tena. *Tik*.

"Imekwisha," alisema Ragna. "Tiril, imekwisha. Ninamwita Shangazi."

Tiril alitikisa kichwa. Alijaribu kusema, lakini pumzi haikutosha kubeba neno hata moja. Basi akatumia mikono. Ishara zilisomeka wazi. *Usiseme. Uliahidi. Itapita.*

Ragna alisimama pale ukungu ukimlowesha uso. Aliiona midomo ya rafiki yake. Haikuwa nyekundu tena, ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya kijivu, kama midomo ya mtu aliyekaa baharini muda mrefu mno. Hapo kila kitu alichokuwa akikipima kwa wiki nyingi, ahadi, aibu, kiti cha ndege, watu watasema nini, kilianguka chini mara moja. Akageuka, akakimbia.

"Shangazi Solfrid! Tiril hawezi kupumua! Ana pumu!"

Kicheko kikakatika kibandani. Solfrid alikuwa ameshatoka nje kabla soseji aliyoiangusha haijaacha kubiringika. Alimkalisha Tiril wima, akamwinamisha mbele kidogo, akamfungulia zipu ya koti.

"Nitazame mimi, mwanangu. Usipigane na pumzi. Toa polepole, kama unapoza chai. Hivyo. Tena." Kisha, bila kugeuza macho, "Torleiv, piga simu ya dharura. Jostein, begi langu jekundu la dawa liko ndani ya gari, chini ya kiti cha mbele. Ndani kuna dawa ya kuvuta. Lilete."

"Nini? Limebaki garini?" Torleiv alisema.

"Nililiacha kwa sababu niliambiwa hakuna anayelihitaji."

Jostein hakungoja kusikia zaidi. Alichukua ufunguo, akatupa koti, akapotea ndani ya ukungu. Walisikia mawe yakiporomoka chini ya miguu yake, kisha hawakusikia kitu.

Torleiv aliweka simu kwa sauti kubwa. Mama mmoja wa huduma ya dharura aliongea kwa utulivu. Helikopta isingeweza kutua katika ukungu ule, alisema. Wahudumu wangekuja kwa gari, halafu wapande kwa miguu. "Sasa nahitaji kujua. Alianza kubanwa lini? Amekuwa akitumia dawa gani, na mara ngapi?"

Watu walitazamana. Hakuna aliyejua.

Tiril alimtazama Ragna. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mkono mmoja ulijiinua kutoka kwenye paja. *Nyamaza*, ulisema mkono ule. *Tafadhali.*

Ragna alipiga magoti karibu na simu. "Ilirudi baada ya mafua, wakati wa baridi," alisema. "Wiki hizi mbili anaamka usiku kwa kukohoa. Anavuta dawa ya bluu, kila siku, mara nyingi. Jana sita au saba. Ni ya zamani, tarehe yake imepita, na sasa kichupa kimekwisha. Hakuna daktari aliyemwona. Hata mama yake hajui."

Solfrid aliinua macho, akamtazama mara moja tu. Kisha akarudi kwa mgonjwa wake.

Muda ule wa kungoja, Ragna hakuusahau maisha yake yote. Mluzi wa kifua cha Tiril ulizidi kuwa mwembamba, na Solfrid, aliyesikia ukipungua, alikaza uso badala ya kuulegeza. "Bado hewa haiingii," alimwambia Torleiv chinichini. Mtu mmoja alianza kuomba kwa sauti, wengine wakafuata. Ragna alimshika Tiril miguu, akaisugua, hakujua kwa nini, ila mikono yake ilihitaji kazi.

Ndipo Jostein alipotokeza ukunguni. Goti lilikuwa linavuja damu na kiatu kimoja kilikuwa kimechanika. Alinyoosha begi, akaanguka chini akihema. Solfrid aliunganisha kichupa na chombo chake cha plastiki, akakiweka usoni pa Tiril. Bonyeza. Vuta. Ngoja. Bonyeza tena. Mara nyingi walirudia hivyo, hata Ragna akahisi vidole vya miguu ya Tiril vimelegea mkononi mwake. Wahudumu walipofika na mtungi wa oksijeni, midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kurudi rangi yake.

Walimbeba kwa machela hadi chini. Alipokuwa akiingizwa ndani ya gari la wagonjwa, Ragna alisogea karibu. Tiril aligeuza uso upande wa pili.

Jumatatu shuleni habari ilikuwa imeshazunguka. Msichana mmoja alimwambia Ragna penye makabati ya viatu, "Hongera. Nasikia umepata kiti." Wengine hawakusema, walitazama tu. Ragna alimtumia Tiril ujumbe hospitalini, akatuma mwingine, akatuma wa tatu. Hakujibiwa.

Jioni ile Solfrid alikuja nyumbani kwao. Mama yake Ragna aliwawekea kahawa na maziwa, akatoka kwenda kukusanya nguo kambani ili awaache peke yao.

"Daktari amesema Tiril hatasafiri mwaka huu," Solfrid alianza. "Mapafu yake yanahitaji matibabu ya kila siku kwa miezi kadhaa kabla ya kuaminiwa mbali na hospitali. Kwa hiyo nafasi ni yako."

"Siitaki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila mtu atasema nilimsema ili niipate." Ragna alifuta pua kwa mkono wa fulana. "Na kwa sababu nilijua tangu Aprili, Shangazi. Nilijua nikanyamaza. Kama ningesema mapema, ingekuwaje?"

Solfrid alizungusha kikombe mezani. "Unataka nikufariji, au nikuambie ukweli?"

"Ukweli."

"Ungesema Aprili, angeanza matibabu Aprili. Nimesafiri na watu wengi wenye pumu, tena wakachapa kazi kuliko wazima. Huenda leo angekuwa anafungasha."

Ragna aliweka kichwa mezani, akalia. Alipotulia, Solfrid aliendelea kwa sauti ya chini, ile isiyokuwa ya wodini.

"Lakini sikia na hili. Nilisimama mbele yenu nikaongea kama askari wa mpakani. Mtoto akasikia kwamba anayesema ukweli anaachwa. Hilo ni langu, nimekwenda hospitali kumwambia. Na pale mlimani, simu ilipouliza, ulisema yote, huku yeye anakusihi usiseme. Daktari alisema maneno yako yaliwasaidia wahudumu kujua waje na nini. Sasa, safari. Kule kuna watoto wanaotungojea, na hawajali watu wa Flekkefjord wanasema nini. Fikiri mpaka Alhamisi."

Jumatano alasiri mlango uligongwa. Ragna alipofungua alimkuta Eskil, na nyuma yake Tiril, mweupe kama karatasi, amevaa skafu shingoni ingawa kulikuwa na joto.

"Nimesikia unakataa kwenda," Tiril alisema.

"Ndiyo."

"Mjinga wewe."

"Umenikasirikia."

"Nimekasirika sana. Siku mbili nilikuchukia, nikawa nakutungia matusi kitandani." Tiril aliilegeza skafu. "Siku ya tatu mama akakaa pembeni ya kitanda, akawa ananisikiliza nikipumua. Usiku kucha. Hakulala. Nikaona... kama ungenyamaza, usiku ule angekuwa anasikiliza nini?"

Eskil, aliyekuwa akiwatazama midomo kwa zamu, alichoka kungoja. Alimvuta dada yake mkono, kisha akamwonyesha Ragna kwa ishara za haraka, uso umekunjamana kama wa mwalimu mkali.

Tiril akacheka, kicheko kifupi kilichoishia kwenye kikohozi. "Anasema usipokwenda wewe, Jostein ndiye atakayewafundisha viziwi, na Jostein akisema *karibuni* kwa mikono anaonekana kama anafukuza nzi. Na wewe si hodari sana, samahani. Tunayo wiki tatu. Leta kiti."

Alhamisi Ragna alimwambia Solfrid kwamba atakwenda, na tangu hapo wasichana walifanya kazi kila siku jikoni mwa akina Skeie. Tiril alikuwa mwalimu asiye na huruma. "Tena! Umesema Yesu alitembea juu ya kabichi." Eskil alijiviringisha sakafuni kwa kucheka. Zipo siku Tiril aliacha somo katikati, akatoka nje, akarudi macho mekundu, na Ragna hakumuuliza. Lakini kila asubuhi na kila jioni alivuta dawa yake mpya mbele ya watu wote, na mluzi kifuani ulikuwa umekwisha.

Alhamisi ya mwisho kabla ya kuondoka, nyumba ya maombi ilijaa wazazi na jamaa. Solfrid alipokuwa akipanga vikombe, Tiril aliomba nafasi ya kusema. Alisimama mbele, mikono nyuma.

"Nilipoulizwa kama nina ugonjwa, nilicheka ili nisijibu," alisema. "Nilimfanya rafiki yangu abebe uongo wangu. Nikamtisha kwamba akisema, ataonekana ananionea wivu. Jostein aliumia goti kwa ajili yangu. Naomba mnisamehe. Na atakayesema Ragna aliniibia nafasi, aje aniambie mimi."

Hakuna aliyepiga makofi, si mahali pa makofi. Ila watu walivuta pumzi, na mama yake Tiril akainamisha uso.

Torleiv alijikuna ndevu. "Basi... mimi nameza vidonge vya presha. Mke wangu tu ndiye anayejua."

"Torleiv!" Solfrid alisema.

"Mimi nikiona sindano nazimia," Jostein alidakia, uso umemwiva. "Kwenye chanjo nilimwambia muuguzi nimeteleza."

Kicheko kikatikisa chumba, Tiril akiwemo. Kilipotulia, Solfrid alivuta kiti, akakaa katikati yao badala ya kusimama mbele.

"Asanteni," alisema. "Kumbe hivi ndivyo nilivyopaswa kuuliza tangu mwanzo, nikiwa nimekaa. Sikilizeni, hasa ninyi vijana. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ugonjwa ukisemwa una dawa. Ukifichwa, hukua gizani, na siku ukitoka hauchagui mahali. Na rafiki akikuomba umfichie jambo linaloweza kumuua, usidhani ukinyamaza unampenda. Nenda kwa mtu mzima unayemwamini, siku hiyohiyo. Atakukasirikia, naam. Mtu aliye hai, hasira yake hupoa. Nafsi yako ikikuuliza, 'Je, nasema kwa wema au kwa tamaa?', usikae kuijibu kwanza. Sema, mtu apone, mengine utayapatanisha na Mungu baadaye."

Ragna alihisi kitu kilichokuwa kimembana tangu Aprili kikiachia.

Asubuhi ya safari mvua ilinyesha kidogo. Torleiv alifunga mabegi juu ya basi, akakagua kamba, akakagua tena. Begi jekundu la dawa Solfrid alilipakata yeye mwenyewe. Ragna alikuwa wa mwisho kupanda. Tiril alimkumbatia kwa nguvu hata mifupa ikauma.

"Utaniandikia kila siku," alisema Tiril. "Kila kitu. Usinifiche."

"Hata nikiharibu?"

"Hasa ukiharibu."

Ragna akapanda, akakaa dirishani, na basi likaondoka.